Maswali na majibu: Waajemi wa visima vya Baku

Wiki iliyopita niliandika habari za vibarua wa Kiirani waliovuka mpaka kwenda kutafuta kazi kwenye visima vya mafuta vya Baku, mji ulio ufukweni mwa Bahari ya Kaspi, enzi za mfalme wa Urusi. Nilieleza pia jinsi baadhi yao walivyokuja kuanzisha chama cha kwanza cha Kikomunisti cha Iran. Nilidhani mada hii itawagusa wachache. Kumbe maswali yamemiminika, kutoka Tanga hadi Muscat. Nimechagua manane na kuyafupisha. Iran hapa ndiyo ile ile wazee wetu waliyoiita Uajemi, na nitatumia majina yote mawili kadiri yanavyonijia.

Babu yangu alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge. Hao Wairani nao walikuwa manamba? Nani aliwachukua, na kwa nini waliacha kwao? (Msomaji, Tanga)

Mjukuu wa manamba, wanafanana na hawafanani. Babu yako aliandikishwa na wakala, akapewa namba, akasafirishwa. Mwirani wa Baku hakuandikishwa na mtu. Alifunga kitambaa chenye mkate, akaagana na mkewe, akatembea hadi mto Aras ulio mpakani, au akashuka pwani ya Anzali kutafuta meli.

Wengi walitoka kaskazini magharibi mwa nchi, jimbo la Azerbaijan la Iran: Tabriz, Ardabil, Khalkhal, Urmia na vijiji vyake. Lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kituruki cha Azerbaijan, ile ile inayosemwa Baku. Kwa hiyo ng'ambo ya mto hawakukuta lugha ngeni. Walikuta mshahara, kitu ambacho kijijini hakikuwapo.

Kijijini kulikuwa na nini? Ardhi ilikuwa ya mwenye shamba, na mavuno yakigawanywa, mkulima alibaki na sehemu isiyomfikisha kwenye mvua za mwaka unaofuata. Juu yake kulikuwa na kodi, na mtoza kodi aliyekuwa ameinunua kazi yake kwa hongo na sasa anataka kurudisha fedha zake. Mafundi wa mjini nao hawakuwa na nafuu. Iran ilipopigwa na Urusi, mkataba wa Turkmenchay wa mwaka 1828 uliufanya mto Aras kuwa mpaka na kuweka ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa za Kirusi. Vitambaa vya viwandani vikaingia kwa bei ambayo mfumaji wa mkono hawezi kuifikia. Mfumaji akafunga duka akaufuata mto.

Mwaka 1904 balozi ndogo za Urusi katika jimbo hilo zilitoa vibali zaidi ya 50,000 kwa vibarua, bila kuwahesabu waliovuka usiku bila karatasi. Mwaka 1903, kati ya kila wafanyakazi watano wa Baku, mmoja au zaidi alikuwa Mwirani. Walikuwa wakiitana *hamshahri*, yaani "mtu wa mji wetu", kama wewe unavyoweza kumwita mtu "wa kwetu" ukimkuta ugenini. Wenyeji wakalichukua neno hilo wakaligeuza. Ikawa ukisema "hamshahri" Baku, unamaanisha yule mchafu wa mafuta anayekubali kazi yoyote kwa malipo yoyote. Sijapata neno jingine katika historia hii linaloniuma kama hilo, kwa sababu lilianza kama neno la upendo.

Nimefanya kazi bandarini miaka thelathini. Nieleze kazi yenyewe, maana wanahistoria mnasema "walifanya kazi ngumu" halafu mnapita. (Mzee, Mombasa)

Shikamoo mzee wangu. Umenishika, na una haki.

Chukua kazi moja tu, ya kuchota mafuta. Kisima cha mafuta si kile cha kuchungulia maji. Ni bomba jembamba lililoshuka mamia ya mita ardhini. Enzi hizo mafuta ya Baku kwa sehemu kubwa hayakuvutwa kwa pampu. Yalichotwa kwa ndoo. Ndoo yenyewe ilikuwa bomba refu la chuma, jembamba ili lipite ndani ya kisima, na chini lina kifuniko kinachofunguka likigusa mafuta na kujifunga likivutwa juu. Limefungwa kwenye waya, na waya umezungushwa kwenye pipa kubwa linaloendeshwa na mashine ya mvuke.

Hapo kwenye pipa anasimama mtu mmoja, mkono kwenye breki. Anaiachia ndoo ishuke, anaisikiliza, anaikaza kabla haijagonga chini. Mashine inavuta, ndoo inapanda kwa kasi, na lazima aisimamishe mahali pake hasa, kwa sababu ikipita itagonga kilele cha mnara, waya utakatika na chuma kile kitamwangukia. Inamwaga mafuta. Anaiachia tena. Ni hivyo hivyo saa kumi na mbili, mchana au usiku, kelele zile zile, macho pale pale. Kusinzia hakuruhusiwi, na kazi yenyewe inalaza usingizi. Mnara ni wa mbao zilizolowa mafuta, na nguo zake nazo zimelowa mafuta, kwa hiyo cheche moja inatosha. Picha za zamani za Balakhani na Sabunchi, sehemu za visima vya Baku, zinaonyesha minara hiyo imesongamana kama minazi shambani. Moto ukishika mmoja, una njia ya kwenda kwenye mingine.

Wengine walichimba mashimo ya kuhifadhia mafuta, wakasafisha matangi kwa ndani, wakabeba mizigo gatini. Wabeba mizigo wa Baku waliitwa *hambal*, na wewe mzee hutahitaji mkalimani: ndiyo hamali yetu, neno moja kutoka Kiarabu lililokwenda kaskazini na kusini. Karakana nayo ni neno la Kiajemi.

Mwirani aliwekwa chini kabisa kwenye ngazi ya mishahara, chini ya Mrusi na Muarmenia, na kwa kawaida hakupandishwa kuwa fundi. Na hayo yalikuwa katika mji ambao, mwanzoni mwa miaka ya 1900, ulitoa karibu nusu ya mafuta yote ya dunia.

Desemba 1904 wafanyakazi wa Baku waligoma kwa pamoja, na wakapata makubaliano ya maandishi na wenye visima, pamoja na siku ya kazi ya saa tisa. Watu waliyaita "katiba ya mazuti", mazuti yakiwa ni yale mafuta mazito yanayobaki baada ya kusafisha. Yalikuwa makubaliano ya kwanza ya aina hiyo katika dola nzima ya Urusi. Hamshahri aliyekuwa amezoea kumwinamia mwenye shamba kijijini aliona kwa macho yake tajiri akitia sahihi. Ukitaka kujua mapinduzi yaliingiaje kichwani mwake, anzia hapo.

Mtu anayefunga Ramadhani anakuwaje Mkomunisti? Walikuwa wameritadi? (Msomaji, Unguja)

Ndugu yangu, wengi wao hawakuwa wameacha dini walipojiunga. Katika habari zao utakutana na akina Mashhadi fulani na Karbalai fulani, yaani waliozuru makaburi ya maimamu Mashhad na Karbala, kama sisi tunavyomwita mtu Haji.

Tazama pia majina ya vikundi vyao. Mwaka 1904 Waislamu wa Baku walianzisha kikundi cha kisoshalisti wakakiita Himmat, neno lenye damu moja na "hima" yetu. Wairani waliokuwa karibu nao wakaunda chama chao cha kisoshalisti, wakisaidiwa na Nariman Narimanov, mwalimu aliyesomea pia udaktari. Na mwaka 1917, mfalme wa Urusi alipoanguka, vibarua wa Kiirani wa Sabunchi walijitokeza hadharani na chama walichokiita Adalat. Hilo nalo Mswahili halihitaji kutafsiriwa: haki, uadilifu. Kiongozi wake wa kwanza, Asadullah Ghaffarzadeh, mtu wa Ardabil, aliuawa Gilan, jimbo la kaskazini mwa Iran, mwaka 1918 alipokwenda kutafuta umoja na wapiganaji wa huko.

Walichodai kilieleweka msikitini na nje ya msikiti: siku ya kazi ya saa nane, haki ya kugoma, shule ya bure, ardhi kwa anayeilima. Wakati wa mapinduzi ya katiba ya Iran, yaliyoanza 1905, baadhi ya mujtahidi wakubwa wa Najaf, wanazuoni wa Kishia walioko Iraq, walikuwa upande wa katiba. Mtu aliweza kusali nyuma ya imamu wake asubuhi na jioni akasambaza karatasi za mgomo, bila kuona mgongano.

Oktoba 1908, Tabriz ikiwa imezingirwa na jeshi la Shah, wafanyakazi wapatao 150 wa viwanda vya ngozi waligoma. Mji uko vitani, nao wanadai nyongeza na matibabu! Wapo wasoshalisti wa mji huo waliojiuliza kama huu ni wakati wake, na mwaka ule ule wakamwandikia Karl Kautsky, mwanafikra wa Ujerumani, kumwomba ushauri kuhusu njia ya kufuata katika nchi isiyo na viwanda vingi. Mimi nawapenda wale watu wa ngozi. Hawakumwuliza Kautsky.

Mgongano na dini ulikuja baadaye, na uliletwa na viongozi. Soma jibu la msomaji wa Bukoba hapo chini.

Umemtaja Haydar Khan mara moja tu. Ni nani? Wanafunzi wangu wameuliza. (Mwalimu, Dodoma)

Mwalimu, waambie alikuwa fundi umeme.

Haydar Khan Amu Oghli alizaliwa mwaka 1880, akakulia upande wa Warusi na kusomea umeme Tbilisi. Iran ilipotaka kuweka taa za umeme kwenye kaburi tukufu la Imam Reza mjini Mashhad, alitafutwa fundi Mwislamu, naye akaajiriwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 akafika Mashhad na mashine zake. Watu wakambandika jina Barqi, yaani wa umeme. Mchana alifunga nyaya, na muda uliobaki alijaribu kuunda chama. Kumbukumbu zake zinakiri kwamba alishindwa, kwa sababu watu aliowaeleza habari za chama hawakumwelewa. Akahamia Tehran.

Huko mambo yalikuwa tofauti. Katiba ilipopatikana mwaka 1906 na Shah mpya akataka kuivunja, Haydar Khan alikuwa katika kundi la siri lililotumia bastola na mabomu. Mwaka 1907 waziri mkuu, Atabak, alipigwa risasi nje ya bunge. Februari 1908 bomu lilirushwa kwenye msafara wa Shah mwenyewe, akapona. Historia inalihusisha jina la Haydar Khan na yote mawili. Wanafunzi wako watauliza kama huyo ni shujaa au muuaji. Usiwajibie haraka. Waulize kwanza Shah yule alilifanya nini bunge: Juni 1908 alilipiga kwa mizinga.

Kilichofuata ni Tabriz kukataa kutii. Mji ulisimama chini ya Sattar Khan na Baqir Khan, watu wa mitaani waliogeuka makamanda, na Wakaukazi, yaani watu wa upande wa Baku na Tbilisi, waliozoea kuficha silaha na kutengeneza mabomu wakavuka Aras kwenda kuwasaidia. Njia ya vibarua ikawa njia ya bunduki, safari hii ikielekea kusini.

Nitamrudia kwenye jibu linalofuata, kwa sababu alikuja kuuawa na watu aliowaita ndugu.

Ni kweli Iran iliwahi kuwa na jamhuri ya Kisovieti? Nilidhani ni uzushi. (Msomaji, Bukoba)

Si uzushi. Ilidumu chini ya mwaka mmoja na nusu, katika jimbo la Gilan, kusini mwa Bahari ya Kaspi, nchi ya mpunga, chai na misitu minene.

Misituni humo alikuwamo Mirza Kuchek Khan, aliyekuwa mwanafunzi wa dini mjini Rasht kabla ya kushika bunduki. Watu wake waliitwa Jangali, wa msituni. Tangu vita kuu vya kwanza walikuwa wakipigana na majeshi ya kigeni yaliyoikanyaga nchi, ya Warusi wa mfalme na ya Waingereza, na walipendwa na wakulima.

Aprili 1920 Jeshi Jekundu, jeshi la Wakomunisti wa Urusi, liliingia Baku. Tarehe 18 Mei meli zake zikatia nanga Anzali zikifuata meli za maadui wao zilizokimbilia huko, na Waingereza wakaondoka. Nyuma ya Jeshi Jekundu walikuja watu wa Adalat. Fikiria mtu aliyeondoka Khalkhal au Ardabil akiwa kijana asiye na kitu, amekaa miaka kumi na tano kwenye moshi wa Sabunchi, sasa anashuka gatini nchini kwake na bendera nyekundu. Juni 1920 jamhuri ikatangazwa Rasht, Kuchek Khan akiwa kiongozi. Mwezi huo huo Adalat ilifanya mkutano mkuu Anzali ikajiita Chama cha Kikomunisti cha Iran.

Makubaliano na Kuchek Khan yalikuwa kwamba mahubiri ya Kikomunisti yatasubiri. Hayakusubiri. Mmoja wa wakubwa wa chama, Avetis Sultanzade, mzaliwa wa Maragheh, aliamini Iran iko tayari kwa mapinduzi ya kijamii hapo hapo: ardhi ichukuliwe, matajiri waangushwe. Rasht ikajaa hotuba na kejeli dhidi ya dini. Julai Kuchek Khan akaondoka mjini akarudi msituni kwa hasira, na tarehe 31 Julai wenye msimamo mkali, pamoja na Ehsanollah Khan aliyekuwa mwenzake msituni, wakachukua serikali. Mkomishna, yaani waziri, wa mambo ya ndani alikuwa kijana wa Khalkhal aliyekuwa amehamia Baku akiwa mtoto, akafanya kazi ya kufagia shule huku akisoma, mpaka akawa mwalimu na mwandishi wa magazeti. Jina lake Ja'far Pishevari. Mshike huyo, tutamkuta tena.

Wakatwaa mali, wakatoza michango kwa nguvu, wakaamua kuandamana hadi Tehran, wakapigwa njiani. Wakulima wa Gilan, ambao mapinduzi yalifanywa kwa jina lao, waliwatazama kama wageni. Hapa ndipo mimi naona kosa lililowamaliza. Watu waliotoka kijijini wakiwa na njaa walirudi na lugha ya Baku, wakadhani kijiji kimewasubiri pale pale kiwasikilize. Mkulima alitaka mpunga wake ubaki nyumbani. Wao walimpa mhadhara.

Septemba mwaka huo huo mkutano wa Mataifa ya Mashariki ulifanyika Baku, wajumbe karibu 1,900, Waajemi wakiwa miongoni mwa makundi makubwa. Baada yake uongozi wa chama ukabadilishwa akapewa Haydar Khan, yule fundi umeme. Alikuja na msimamo wa kwamba Iran bado, kwamba kwanza wazalendo wote waungane, hata wafanyabiashara na wenye mashamba madogo. Mei 1921 akapatana na Kuchek Khan. Nikisoma habari za mwezi huo huwa natamani ziishie hapo.

Lakini Februari 1921 yalikuwa yametokea mambo mawili ndani ya juma moja. Tarehe 21 Reza Khan, afisa wa Kikosi cha Kosaki cha jeshi la Iran, aliitwaa Tehran. Tarehe 26 serikali ya Kisovieti ikatia sahihi mkataba wa urafiki na serikali ya Iran. Mwezi uliofuata Moscow ikapatana na Uingereza pia, kwa ajili ya biashara. Gilan ikawa mzigo. Balozi wa Kisovieti mjini Tehran, Theodore Rothstein, alimwandikia Kuchek Khan akimshauri aache vita. Ndani ya jamhuri shaka ikazidi, kila mmoja akimdhania mwenzake msaliti. Mwishoni mwa Septemba mkutano wa viongozi ulishambuliwa na watu wa Kuchek Khan. Haydar Khan alikamatwa, baadaye akauawa. Desemba Kuchek Khan mwenyewe, akilikimbia jeshi la Reza Khan, alikufa kwa baridi kwenye theluji ya milima ya Talesh. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Tehran.

Wanawake walikuwa wapi? Katika habari hizi zote nasoma wanaume tu. (Dada, Goma)

Dada yangu, walio wengi walibaki kijijini, na hilo lenyewe ni sehemu ya habari: mume aliyekwenda Baku msimu mmoja akakaa miaka, shamba likalimwa na mke, kodi ikatafutwa na mke. Historia ya vibarua wa Baku imeandikwa kwa kutazama upande mmoja wa mto.

Ila Rasht, baada ya moshi wa jamhuri kutulia, wanawake walianzisha jumuiya yao iliyoitwa Peyk-e Sa'adat-e Nesvan, mjumbe wa heri ya wanawake. Aliyeiongoza ni Rowshanak Nowdoost, mwalimu. Walifungua masomo ya kusoma na kuandika, baadaye wakatoa jarida, na Machi 8, siku ya wanawake, iliadhimishwa huko mapema kuliko sehemu nyingine za Iran. Katika yote yaliyopandwa Gilan miaka ile, hayo madarasa nayaona kuwa ndiyo yaliyowafaa watu wa kawaida zaidi.

Niliwahi kusikia kwamba Mzee Kenyatta alisoma na hawa watu Moscow. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Alisoma chuo kile kile, ingawa hilo halina maana kwamba walikaa dawati moja. Mwaka 1921 Wasovieti walifungua Moscow Chuo Kikuu cha Kikomunisti cha Wafanyakazi wa Mashariki, kinachojulikana kwa herufi za Kirusi KUTV. Kilipokea Waajemi, Waturuki, Wachina, Wahindi, baadaye na Waafrika. Jomo Kenyatta alikuwa huko mwaka 1932 na 1933. Alirudi London bila kuwa Mkomunisti.

Miongoni mwa Wairani waliopita pale alikuwamo Yusef Eftekhari. Alirudi kwao na kwenda Abadan, kusini kabisa, kwenye mtambo wa kusafishia mafuta wa kampuni ya Waingereza, akaanza kuwaunganisha wafanyakazi kwa siri. Mei 1929 waligoma wakidai mshahara na kutambuliwa kwa chama chao. Waliopatikana wakakamatwa, wengi wakafukuzwa, na Eftekhari akakaa jela hadi 1941, alipoondolewa Reza Shah, yule Reza Khan aliyekuja kuwa mfalme. Ni mgomo ule ule wa Baku, kwa maana fulani, umehamia Ghuba: mafuta yale yale, kampuni nyingine, na ndugu wale wale wa chini ya ngazi.

Nipo Muscat mwaka wa tisa nafanya kazi. Nauliza jambo moja tu: hao waliobaki Urusi, walirudi kwao? (Msomaji, Muscat)

Mdogo wangu, hili ndilo swali lililoniweka macho usiku.

Gilan ilipoanguka wengi walikimbilia Baku, ambako tayari walikuwapo maelfu ya Wairani wa siku nyingi, wameoa, wamezaa. Miaka ya mwanzo hawakuishi vibaya. Shule zilikuwapo, magazeti yalikuwapo, na neno hamshahri likapungua ukali. Wengi waliendelea kushika pasipoti ya Iran, pengine kwa sababu ile ile inayokufanya wewe usiitupe yako.

Mwisho wa miaka ya 1930 pasipoti hiyo ikawa kosa. Serikali ya Stalin iliwatazama watu wenye asili ya nchi jirani kama wapelelezi watarajiwa. Mwaka 1938 ilikuwapo operesheni maalumu ya polisi wa siri dhidi ya Wairani. Walioshika uraia wa Iran wakafukuzwa kwa maelfu kurudishwa mpakani. Wengine, waliokuwa wamechukua uraia wa Kisovieti, wakapakiwa kwenye treni kupelekwa Kazakhstan. Viongozi hawakusalimika. Sultanzade, aliyekuwa amekaa kwenye vikao vya juu vya Ukomunisti wa dunia, alipigwa risasi mwaka 1938. Ehsanollah Khan aliuawa mwaka uliofuata.

Pishevari alipona, na sababu ya kupona kwake inatisha. Alikuwa amerudi Iran kufanya kazi ya chama. Mwaka 1930 polisi wa Reza Shah walimkamata na kumweka kwenye jela ya Qasr, Tehran. Wenzake walipokuwa wakimalizwa ng'ambo, yeye alikuwa nyuma ya ukuta wa Shah, na risasi za Stalin hazikumfikia.

Na wale maelfu waliofukuzwa, ndiyo, walirudi. Walishukia Anzali, Astara na Julfa, na wake zao waliozaliwa Baku, watoto wanaochanganya Kirusi na Kituruki, mabegi yaliyofungwa kwa kamba. Iran waliyoikuta ilikuwa imepitisha mwaka 1931 sheria ya kumfunga yeyote mwenye chama cha mrengo wa Kikomunisti, kuanzia miaka mitatu hadi kumi. Polisi waliwaandika majina, wakawapangia pa kukaa, wakawaweka chini ya macho. Wengine hawakupata kazi kwa sababu tu wametoka huko. Vijijini watu waliwaita *mohajer*, mhajiri, mtu wa kuhamia, hapo hapo walipozikwa babu zao.

Desemba 1945, majeshi ya Kisovieti yakiwa bado kaskazini mwa Iran baada ya vita, Pishevari aliongoza serikali ya jimbo mjini Tabriz. Iligawa ardhi, ikafungua chuo kikuu, ikafundisha watoto kwa lugha ya mama zao. Mohajer wengi walijiunga naye, wakashika bunduki na ofisi. Mwaka mmoja baadaye, Warusi wakiwa wameshaondoka, jeshi la Tehran liliingia na waliowahi kukimbia wakakimbia tena, kuelekea kaskazini, kwenye daraja la Julfa, juu ya mto ule ule wa Aras.